Sura ya Sita: Nani Kamla Njiwa?

Asubuhi ukikuta njiwa wamepungua, au kuku aliyekuwa akiatamia hayupo kwenye kiota chake, usikimbilie kumlaumu paka wa jirani. Chuchumaa utazame chini. Kila mnyama mla ndege ana namna yake ya kuua na ya kula, na alama anazoziacha hazidanganyi. Tatizo ni kwamba ufagio huziwahi: watu wengi hufagia kwanza ndipo waulize, na kwa kufagia wamekwisha kumfutia mwizi nyayo zake.

Manyoya yaliyonyofolewa moja moja, mashina yake yakiwa mazima, yametapakaa mahali pamoja pa wazi: hapo amekula kipanga. Yeye hukaa juu ya windo lake akalinyonyoa kabla ya kulitafuna, na hufanya hivyo mchana. Mwewe hakai. Huteremka, humnyakua kifaranga, huondoka naye akila angani, na huoni chochote isipokuwa mama kuku akihangaika na hesabu ya watoto. Manyoya yaliyokatwakatwa mashina, mengine yameshikana kwa mate na damu, ni kazi ya mnyama mwenye meno. Ukikuta ndege watano wamelala wafu ndani ya banda, wameumwa kichwani na shingoni, na aliyeliwa ni mmoja tu, ujue ameingia kicheche, kanu au nguchiro. Wanyama hawa wakijikuta ndani ya chumba kidogo chenye ndege wanaorukaruka, huendelea kuua mpaka hakuna kinachotikisika. Saa ya tukio itakusaidia kuwatenganisha, maana nguchiro huwinda mchana, kanu na kicheche hutoka usiku.

Mayai nayo yana ushahidi wake. Yakitoweka bila kuacha hata gamba, fikiria nyoka au kenge, kwa sababu wote wawili humeza yai zima. Kunguru hutoboa tundu kwa mdomo na kunywa kilichomo, au huruka na yai na kwenda kulivunjia mbali. Nguchiro ana ustadi wa peke yake: hulitoa yai nje, hugeuka akaelekeza mgongo kwenye jiwe au ukuta, kisha hulirusha kinyumenyume kati ya miguu yake ya nyuma mpaka lipasuke. Ndiyo maana magamba ya mayai aliyoyala hukutwa yamerundikana chini ya kitu kigumu, hatua kadhaa kutoka kwenye kiota. Yupo pia nyoka mla mayai, mwembamba, asiye na sumu. Huyu hulimeza yai la njiwa likiwa zima, hulipasua kwa mifupa ya uti wa mgongo iliyochomoza ndani ya koo lake, hunywa ute na kiini, kisha hulitema ganda likiwa limekunjika. Ukiliona ganda la namna hiyo huna haja ya kuita watu wenye mapanga.

Kuna alama moja inayonisikitisha kuliko nyingine: ndege aliyekufa ndani ya banda ambalo halikufunguliwa, kichwa au mguu wake haupo. Huyo alivutwa kupitia kwenye wavu. Paka au kanu alizunguka nje gizani, ndege wakapatwa na hofu wakajigonga ukutani, mmoja akatoa shingo kwenye tundu. Mwenye banda alidhani amewalinda. Wavu alionunua ulitosha kumzuia kuku asitoke, lakini haukutosha kumzuia mla kuku asiingize mkono.

Na ukikuta mifupa mitupu, safi, juu ya kiota palepale ndege alipokuwa akiatamia, hao ni siafu. Nitawarudia.

Nimeanza na alama kwa sababu mfugaji asiyemjua adui yake hutapanya fedha na hasira. Humwekea sumu panya wakati mwizi ni kenge, humtupia mawe bundi wakati mwizi ni kanu. Hata hivyo, ukishawajua wote utagundua jambo ambalo ndilo kiini cha sura hii: karibu kila anayeingia usiku hupita kwenye upenyo ulioachwa na mjenzi, na karibu kila anayekuja mchana ameitwa na chakula au takataka tulizoziacha sisi. Ulinzi wa ndege ni kazi ya kujenga na ya kusafisha. Kuua kunachukua nafasi ndogo mno, na mara nyingi hakuna nafasi yoyote.

Tuanze na wavu. Ule mwepesi wenye matundu ya pembe sita, ambao kila duka la vifaa vya ujenzi huuza kwa jina la waya wa kuku, ni wa kugawia uwanja mchana. Usiku haufai. Mbwa huung'oa, kicheche hupenya kwenye matundu makubwa, na baada ya misimu michache ya hewa ya chumvi ya Pwani huoza ukakatika kwa kidole. Tafuta wavu wa nyaya zilizochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi, aina ya ule unaotandikwa kwenye vichanja vya kuanikia kahawa. Bei yake ni kubwa, nakiri. Kama fedha haitoshi kuzungushia banda zima, weka huo mzuri kuanzia chini hadi usawa wa kiuno na kwenye madirisha, juu utumie mbao. Ufunge kwa misumari ya kupinda na ubao juu yake, kwa maana uzi na waya mwembamba hulegea.

Chini ndiko wengi wanakokosea. Mnyama anayechimba huanza kuchimba pale pale ukuta unapokutana na ardhi. Ukiulaza wavu juu ya udongo kuelekea nje, upana wa sentimita 40 hivi, ukaufukia kidogo na kuukandamiza kwa mawe, atachimba mpaka achoke akiwa juu yake. Sakafu ya zege ni bora zaidi kwa mwenye uwezo, na humfungia njia panya pia. Panya mkubwa hupita kwenye tundu linaloingia kidole gumba. Mdogo hupita kwenye dogo kuliko hilo. Mlango uwe na komeo la kusokota au kufuli, si kipande cha kamba, na uangalie pembe za juu ambako bati na ukuta havikutani. Kanu ni mpanda miti hodari, hutembea juu ya paa na kushukia hapo.

Kwa njiwa ambao nyumba yao iko juu ya nguzo, kazi ni rahisi zaidi. Zungushia nguzo bati laini lenye upana wa sentimita 60, likianzia karibu mita moja kutoka ardhini. Paka, panya, kenge na wengi wa nyoka hawapati pa kushika. Lakini bati hilo halina maana hata kidogo kama tawi la mwembe limelala juu ya banda, au kamba ya kuanikia nguo imefungwa kwenye nguzo hiyo hiyo. Nimeona nguzo iliyovikwa bati vizuri kabisa, na ngazi ya fundi imeegeshwa pembeni yake usiku kucha.

Siafu hawazuiliwi na wavu. Hutoka kwa wingi msimu wa mvua, na ndege aliyefungiwa au aliyelalia mayai hana pa kukimbilia. Kwa mabanda yenye miguu, simamisha kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu, na hakikisha majani hayajaegemea ukutani yakawa daraja. Wakishaingia, usipoteze muda kupambana nao: fungua milango, watoe ndege, wahamishie mbali mpaka msafara upite. Kwa kawaida hupita baada ya saa kadhaa, na huondoka wakiwa wamekula mende na wadudu wote waliokuwa ndani.

Mchana ni habari nyingine, kwa sababu ndege anayefungiwa saa zote si ndege mwenye raha, na njiwa asiyeruka ni wa nini? Kuku wetu asili yao ni ndege wa msituni huko Asia ya Kusini-Mashariki, na mpaka leo akisikia hatari ya angani hutafuta kichaka. Sisi tumempa uwanja uliofagiliwa ukawa mweupe. Najua fahari ya uwanja safi, nami naipenda, lakini acha upande mmoja wenye mihogo, mchongoma au mabua, mahali ambapo kifaranga anaweza kuzama kwa kufumba na kufumbua. Katika mwezi wao wa kwanza vifaranga wakae chini ya tenga, kama bibi zetu walivyofanya. Tenga lililofunikwa, jiwe juu yake, bakuli la maji ndani: sijaona kifaa cha dukani kinacholishinda kwa bei na kwa matokeo.

Kisha jifunze kumsikiliza jogoo. Ana sauti mbili za hatari, na hazifanani. Akiona kitu angani hutoa mlio mmoja mrefu, na kuku wote hujibanza kimya. Akiona mnyama anayetembea ardhini hutoa mlio wa kukatakata, anaurudia na kuurudia, na kuku husimama wima wakitazama. Mtu aliye jikoni akizizoea sauti hizi mbili, hujua kabla hajatoka kama atazame juu au chini. Kanga wa kufugwa naye ni mlinzi mzuri, kelele zake huamsha mtaa, ingawa si kila jirani atakushukuru.

Njiwa akipigwa na kipanga, wafungie wenzake siku kadhaa. Kipanga hukumbuka mahali na saa aliyopata chakula, naye hurudi. Asipokuta kitu mara kadhaa, huhamia kwingine. Walishe njiwa wako jioni ndani ya banda badala ya asubuhi uwanjani, ili warudi wenyewe kabla ya giza na uweze kuwahesabu na kufunga.

Sasa kunguru. Yule mwenye shingo ya kijivu anayetusumbua kuanzia Unguja na Dar es Salaam hadi Mombasa si wa kwetu. Aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili asaidie kula takataka za mji. Kufikia mwaka 1917 alikuwa ametangazwa rasmi kuwa mharibifu, na waliomuua walilipwa. Mombasa alionekana mnamo mwaka 1947. Katika miaka ya 1990 Unguja iliendesha kampeni ya sumu iliyopunguza idadi yake kwa kiasi kikubwa sana, kampeni ikasimama, kunguru wakarejea. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni 1 kabla ya mwaka kwisha.

Historia hiyo ya zaidi ya karne inanifundisha kwamba mfugaji mmoja mwenye manati hatamaliza kunguru. Hao wanaishi kwa majalala yetu, mabaki ya samaki, matumbo ya kuku yanayotupwa nyuma ya vibanda. Kunguru anayekanyaga mizoga damponi asubuhi ndiye anayekuja kunywa kwenye bakuli la kuku wako mchana, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuchanja dhidi ya mdondo. Chanjo ya I-2, inayovumilia joto na inayozalishwa pia Tanzania, ni tone moja jichoni, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Funika pipa la taka. Weka chakula cha ndege chini ya paa. Viota vya njiwa viwe na mlango mdogo unaoelekea ndani ya banda, usiwe wazi kwa nje, kwa sababu makinda ya njiwa huzaliwa karibu uchi, hayaoni, na mama akiruka dakika chache kunguru anamaliza wote wawili. Njiwa hutaga mayai mawili na kuatamia siku 17 au 18; kumpotezea makinda yake ni kumpotezea mwezi mzima.

Katika orodha ya wanaoonewa, wa kwanza ni bundi. Nimesikia watu wakimwita mwizi wa kuku na mleta msiba, kisha wakampiga mawe mpaka afe. Bundi anayekaa kwenye dari na minara yetu chakula chake kikuu ni panya. Ukimuua, umewapa nafasi panya wanaokula mayai yako, na panya wakizidi humwita nyoka. Sumu ya panya nayo ina njia ndefu: panya aliyeila huzubaa, huokotwa na bundi, paka au kuku mwenyewe, na sumu hiyo huendelea kuua. Tumia mtego wa kubana, uuweke ndani ya boksi lenye tundu dogo ili ndege wasiufikie, na kila jioni ondoa chakula kilichobaki. Punje za mtama zinazolala sakafuni ndizo zinazowaita panya wa mtaa mzima. Ukimkuta swila bandani, usimkabili kwa fimbo. Huyu hutema sumu akilenga macho. Watoe watu, mwachie njia ya kutokea, na kama amekutemea, osha macho kwa maji mengi papo hapo na uende hospitali.

Maadui wakubwa nimewataja, lakini nikipewa nafasi ya kuingia katika mabanda ya watu, ninachokikuta mara nyingi zaidi ni wadudu. Mwewe huchukua kifaranga mmoja, mtaa mzima ukapiga kelele. Utitiri hunyonya damu ya kundi zima miezi sita na hakuna anayenyanyua sauti.

Utitiri mwekundu haukai juu ya ndege. Mchana umejificha kwenye nyufa za mbao, chini ya vipande vya kulalia, kwenye maungio ya viota. Usiku hutoka, hunyonya, hurudi. Ndiyo maana mtu humshika kuku wake mchana, hamkuti na kitu, akasema ni mzima. Dalili ziko kwingine: kuku wanakataa kuingia bandani jioni, upanga wa kichwani umepauka, anayeatamia anayaacha mayai, makinda ya njiwa yanakufa bila sababu. Nenda usiku na tochi, pitisha kitambaa cheupe chini ya kijiti cha kulalia. Ukiona madoa mekundu, umempata. Katika joto letu huhitaji kama wiki moja tu kutoka yai hadi mdudu mzima, na anaweza kukaa miezi bila kula akisubiri ndege warudi. Kuliacha banda tupu kwa wiki mbili, kama wengi wanavyoshauriana, hakumuui.

Kinachomuua ni kumnyima pa kujificha. Toa kila kitu kinachotoka, mwagia maji yanayochemka kwenye nyufa, acha jua lichome, kisha paka chokaa nzito inayoziba nyufa zenyewe. Vijiti vya kulalia viwe vya mviringo, bila magome, na visiguse ukuta isipokuwa kwenye ncha. Rudia baada ya wiki moja, kwa sababu mayai yaliyosalimika yatakuwa yameanguliwa. Majani ya mwarobaini kwenye kiota hupunguza wadudu, na majivu makavu kwenye shimo la kuogea vumbi huwasaidia kuku kujisafisha chawa. Vyote viwili ni vya kusaidia, havimalizi kazi.

Kuhusu dawa za viwandani, tumia ile iliyoandikwa kuwa ni ya ndege, kwa kipimo kilichoandikwa, na umuulize ofisa mifugo muda wa kuacha kula mayai. Dawa ya kunyunyizia nyanya si dawa ya kuku. Mwaka 2017 huko Uholanzi na Ubelgiji mamilioni ya mayai yaliondolewa sokoni baada ya kugundulika kuwa mabanda yalisafishwa kwa fiproni, kiuawadudu kisichoruhusiwa kwa wanyama wanaoliwa, na sababu ya kukitumia ilikuwa utitiri huu huu mwekundu. Kama nchi zenye wakaguzi wengi kiasi hicho ziliweza kulishwa sumu, mtu anayechota dawa isiyo na lebo kutoka kwa rafiki yake ajihadhari zaidi.

Chawa ni tofauti: huishi juu ya ndege maisha yake yote. Funua manyoya chini ya mkia na kwapani utamwona akikimbia, na mayai yake yameganda kwenye mashina. Mpake ndege dawa ya unga, kisha urudie baada ya siku 10 hadi 14. Viroboto wa kuku hung'ang'ania usoni, kuzunguka macho na upanga, kwa makundi meusi. Wapake vaselini nzito, watazibwa pumzi na kuanguka. Usitumie mafuta ya taa, yanaunguza ngozi na macho. Kupe laini wa kuku hufanya kama utitiri, usiku ananyonya na mchana yumo kwenye ufa, na huweza kuwaambukiza kuku homa inayoua haraka.

Njiwa ana mdudu wake, inzi bapa wa kahawia anayekimbia kati ya manyoya na ambaye ni vigumu kumponda kwa vidole. Ndugu wawili Wafaransa, Edmond na Étienne Sergent, walionyesha huko Algeria mwaka 1906 kwamba inzi huyu ndiye anayesambaza kijidudu kinachoishi katika damu ya njiwa, jamaa wa kile cha malaria. Pupa wake hulala kwenye takataka za kiota kwa wiki tatu hadi nne kabla ya kutoka na mabawa. Basi ukibadilisha matandiko ya viota kila baada ya wiki tatu na kuyachoma, unawachoma hao wakiwa bado hawajaruka. Kazi hiyo haihitaji hata shilingi moja.

Nakuomba jioni ya leo, kabla jua halijazama, ulizunguke banda lako ukiwa umeinama, usawa wa macho ya kicheche. Pitisha mkono kwenye kila pembe, vuta kila wavu, jaribu kila komeo. Ukikuta upenyo unaoingia kidole gumba, uzibe leo hii kwa chochote ulicho nacho, bati, jiwe au saruji, ndipo wavu mzuri utafutwe mwisho wa mwezi.